Kache gani ibebe websaiti yako siku watu wamejaa: Redis, Nginx, Varnish ama CDN

Watu wakiniuliza "niweke Redis ama Varnish, ama nilipie tu CDN nilale?" mimi nawarudishia swali moja: watu elfu moja wakifungua hiyo peji saa hii hii, wanaona kitu kimoja ama kila mtu anaona chake? Jibu la hapo ndo linachagua kache, yaani mahali pa kuweka nakala ya kazi iliyokwisha kufanywa ili isirudiwe kwa kila mtu. Redis inaweka vipande vya data, Nginx na Varnish zinaweka peji nzima kwenye seva yako, na CDN ni seva za kampuni nyingine zilizosambaa duniani zinazoweka nakala karibu na msomaji. Spidi ya tool inakuja baadaye sana, na habari za kampuni gani kubwa inaitumia hazikuhusu kabisa.

Chukua websaiti ya redio siku Cheptegei anashinda mita 10,000 kule Paris, tarehe 2 Agosti 2024. Wote wanasoma stori ileile. Chukua ya kuuza tiketi, mfano mechi za CHAN zilizochezwa Namboole Agosti 2025: nusu ya peji ni ya wote, nusu ni ya mnunuzi mwenyewe. Halafu portal ya sacco, karibu kila kitu ni cha mwenye akaunti. Hizo tatu zinaweza kuwa zimeandikwa kwa PHP ileile, ziko kwenye VPS (seva ya kukodi) ya bei ileile, na bado dawa yao si moja. Ntazitumia hizo kupima kila njia, na mbele kuna ya nne, ya matokeo ya mitihani, hiyo ina tabia zake.

Piga hesabu ya PHP kwanza

VPS ya RAM GB 2, ambayo ndo wengi wetu tunaanza nayo. Prosesi moja ya PHP-FPM, ile programu inayoendesha kodi ya PHP, ikibeba WordPress na plagini za kawaida inakula kama MB 60 hivi, ukitoa ya databesi ya MySQL na ya mfumo wenyewe unabaki na nafasi ya prosesi 20, na hapo umejibana kweli. Kama peji moja inachukua milisekunde 400 kutengenezwa, hizo 20 zinatoa peji 50 kwa sekunde, hakuna cha zaidi. Na hiyo 400 ni ya siku ya kawaida. Siku watu wamejaa databesi nayo inachoka, peji inaanza kuchukua sekunde 2, sasa uko kwa peji 10 kwa sekunde na walioko mlangoni ni 500, foleni inajaa, Nginx inachoka kungoja inaanza kutupa makosa ya 502 na 504, watu wanarifreshi, na kila anayerifreshi ameongeza ombi jipya juu ya lile la zamani ambalo PHP bado inahangaika nalo bila kujua mwenyewe alishaondoka.

Kila kache unayoisikia inajaribu kukata hesabu hiyo mahali fulani. Zingine zinapunguza ile 400, zingine zinafanya PHP isiguswe kabisa. Hiyo tofauti ndo kubwa kuliko zote na ndo watu wanairuka.

Redis kwa upande huu, kache ya peji nzima kwa upande ule

Redis ama Memcached nyuma ya WordPress, Laravel au Django inahifadhi vipande vya data: jibu la kweri (swali) ya databesi, menyu, listi ya habari za leo. Ombi likija PHP bado inaamka, inasoma kodi yote, inapakia plagini zote, halafu badala ya kuuliza MySQL mara 80 inauliza Redis. Tuseme 400 inashuka mpaka 200. Umepata peji 100 kwa sekunde badala ya 50. Ni nzuri, lakini wako 500 mlangoni, sasa umesaidia nini?

Kache ya peji nzima inahifadhi HTML iliyokwisha kutengenezwa. Wa kwanza anakuja, PHP inafanya kazi, Nginx inaweka nakala, wa pili mpaka wa mwisho wanapewa nakala. Hata VPS ndogo inatoa nakala za hivyo maelfu kwa sekunde bila kutoa jasho, hapo kitakachojaa kwanza ni laini ya mtandao, prosesa itakuwa inapumzika.

Na sikiliza hii kwa makini maana wengi hawaiamini mpaka waione: si lazima nakala ikae muda mrefu. Weka sekunde moja tu. Watu 500 kwa sekunde, PHP inaamka mara moja, 499 wanapewa nakala yenye umri wa chini ya sekunde. Weka sekunde 10, PHP inaamka mara moja kwa kila maombi 5,000. Ndo maana mimi nasema kama una websaiti ya habari, ya redio, ya kanisa, ya shule, anza na kache fupi ya Nginx kabla hujagusa kitu kingine chochote, ni bure, ni mistari kama kumi ya config, na mhariri hata hatajua ipo.

Kwa sacco geuza. Peji ya salio la mwanachama huwezi kuiweka nzima mahali pa wote, kwa hiyo kache ya peji inakuwa haina kazi, na hapo Redis inapata heshima yake: sesheni, ruhusa za mtumiaji, riba ya mwezi, listi ya matawi, hivyo vyote vinatoka kwa databesi vinakaa RAM. Lakini kwa sacco kabla ya Redis angalia kwanza indeksi za databesi, zile orodha zinazoisaidia kupata data haraka. Kweri moja isiyo na indeksi inaweza kukula sekunde 3 na ukiificha nyuma ya Redis umeificha tu, siku kache imeisha muda inarudi na hasira.

Redis na Memcached wenyewe? Kwa kazi hii hutaona tofauti kubwa. Memcached ni ya zamani kidogo, Brad Fitzpatrick aliiandika 2003 kwa ajili ya LiveJournal, inajua kitu kimoja tu, kuweka na kutoa, haihifadhi kwenye diski, na kitu kimoja kisizidi MB 1 kama hujabadilisha setingi. Redis ya Salvatore Sanfilippo ilitoka 2009, ina listi, hesabu, foleni, inaweza kuandika diski, kwa hiyo tiketi ikihitaji foleni ya kutuma SMS unaitumia hiyohiyo. Machi 2024 Redis walibadilisha leseni, Linux Foundation wakaanzisha Valkey kutoka kodi ya zamani, na kwa mambo ya kache amri ni zilezile. Mimi nachagua Redis ama Valkey. Ila kuna mtego: usipoweka chochote, Redis ikifika mwisho wa memori uliyoipangia haitoi vitu vya zamani, inakataa kuandika vipya. Ile setingi ya maxmemory-policy inakuja ikiwa noeviction. Kwa kache weka allkeys-lru ili itoe vile ambavyo havijatumika muda mrefu, otherwise siku ya mafuriko ndo utaona makosa mekundu kwenye logi.

Nginx ama Varnish

Hapa watu wanagombana bure. Varnish ilizaliwa 2006, Poul-Henning Kamp aliitengeneza kwa ajili ya gazeti la Norway, Verdens Gang, kwa hiyo damu yake ni ya websaiti za habari zenye watu wengi. Ina lugha yake, VCL, ambayo unaweza kuandika sheria za ajabu sana: huyu mpe hii, kuki hii (alama inayobebwa na brauza) itupe, hii peji ikate vipande. Pia kufuta nakala ni rahisi, unafuta moja ama unafuta kila kitu kinachoanza na /michezo/.

Nginx tayari unayo. Hiyo ndo pointi yake kubwa na kwa maoni yangu inatosha. Fastcgi_cache, kache yake ya peji za PHP, iko ndani, haihitaji kusakinisha kitu, haihitaji porti mpya, na TLS (ule usimbaji wa https) inafanya yenyewe wakati Varnish ya kawaida watu wanaiwekea Nginx ama Hitch mbele ili kufungua hiyo TLS, sasa una vitu vitatu vya kuangalia usiku badala ya kimoja. Udhaifu wa Nginx ni kufuta: kufuta nakala moja moja kwa amri ni ya toleo la kulipia, kwa la bure unatumia moduli ya watu wengine ama unafuta faili kwenye folda. Kama kache yako ni ya sekunde 10 wala hutahitaji kufuta, kwa hiyo udhaifu wenyewe unapotea.

Uamuzi wangu: developa mmoja, seva moja, Nginx. Timu yenye mtu wa seva, seva tatu na kuendelea, peji zenye sheria nyingi, hapo Varnish inalipa muda utakaotumia kuisoma.

Setingi tatu za Nginx usizisahau. Ya kwanza fastcgi_cache_lock, hii inahakikisha nakala isipokuwepo basi anaingia mmoja tu kwa PHP, wengine wanangoja. Bila hiyo, kwa peji ambayo haijawahi kuhifadhiwa, watu 500 wote wanaikosa kwa pamoja na wote wanaingia PHP pamoja, na kache yako imekuwa bure kabisa kwa zile sekunde mbili unazoihitaji zaidi. Ya pili fastcgi_cache_use_stale ikiwa na updating, error na timeout: nakala ikiisha muda watu wanaendelea kupewa ya zamani wakati mpya inatengenezwa, na PHP ikianguka wanaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea. Ya tatu fastcgi_cache_background_update, hata yule mmoja anayesababisha kutengeneza upya hangoji. Varnish ina kitu cha aina hiyo, inaitwa grace, na inakuja ikiwa imewashwa kwa sekunde 10.

Hiyo ya kutoa nakala ya zamani PHP ikiwa imeanguka, banange, peke yake ingetosha kukufanya uweke kache hata kama huna trafiki.

Kama uko kwenye hostingi ya pamoja

Huna ruhusa ya kugusa Nginx, una cPanel tu. Angalia kama hostingi yako inatumia LiteSpeed, wengi siku hizi wanatumia, kama ndiyo weka plagini ya LiteSpeed Cache maana hiyo inaongea na seva yenyewe na PHP haiguswi. Kama ni Apache ya kawaida weka WP Super Cache, chagua ile njia inayotumia mod_rewrite ili faili la HTML litoke bila PHP. Usiweke plagini mbili za kache kwa pamoja, zitagombana na hutajua nani amekudanganya.

CDN: umbali ni shida nyingine kabisa

Seva yako iko Ujerumani kwa sababu bei ni nzuri, msomaji yuko Mbarara. Ombi moja kwenda na kurudi Ulaya mara nyingi linapita milisekunde 150. Kufungua muunganiko wa kwanza kunahitaji safari ya TCP, safari ya TLS, halafu safari ya ombi lenyewe, hiyo ni kama 450 kabla hata herufi moja haijafika, hata kama Nginx imejibu kwa milisekunde 1. Hakuna Redis wala Varnish itakayogusa hiyo, maana iko baharini, kwenye waya zinazoingilia Mombasa ndo zipande huku kwetu.

Ziko dawa mbili. Moja ni kuleta seva karibu, Kampala ama Nairobi, na kama hostingi ya Kampala imeunganishwa na UIXP, mahali mitandao ya Uganda inapokutana, ambayo ipo tangu 2001, basi msomaji wa mtandao wa hapa anaweza kuifikia bila data yake kutoka nje ya nchi. Nyingine ni CDN, Cloudflare ya bure ikiwa ndo wengi wanaanza nayo. CDN ina faida hata kwa peji ambazo haiwezi kuhifadhi: ule muunganiko wa TLS unafanyikia kwenye seva yao iliyo karibu na msomaji, halafu wao wanaongea na seva yako kwa muunganiko ambao mara nyingi tayari uko wazi.

Lakini hapa ndo watu wanajidanganya. Wameweka Cloudflare, wameona lile wingu la rangi ya machungwa, wanasema tuko salama. Cloudflare ikiwa haijaguswa haihifadhi HTML! Inahifadhi picha, CSS, JavaScript, faili za aina hiyo, lakini peji yenyewe ya habari inapita moja kwa moja mpaka kwa PHP yako. Fungua terminali, andika curl -I na anwani ya peji, tafuta heda (yale maelezo yanayotangulia peji) ya cf-cache-status. Ukiona DYNAMIC ujue haijahifadhiwa. Unataka HIT. Ili uipate lazima uandike sheria ya kache ya kusema hizi peji zihifadhiwe, na hapohapo useme za kuingia akaunti zisihifadhiwe.

Ukiwa hapo angalia pia heda ya cf-ray, mwishoni ina herufi tatu za kiwanja cha ndege. EBB ni Entebbe, NBO ni Nairobi, LHR ni London. Jaribu kwa laini ya MTN halafu ya Airtel, unaweza kukuta njia tofauti kabisa. Na usisahau watu wa VPN, Facebook imefungwa hapa Uganda tangu Januari 2021 kwa hiyo wasomaji wako wanaotoka huko wengi wamewasha VPN, hao kwa CDN wanaonekana wako Amsterdam ama popote.

Na hao wa Facebook wana lingine. Linki ikitoka Facebook inakuja na ?fbclid= na mkia mrefu ambao ni tofauti kwa kila mtu. Kwa kache, anwani tofauti ni peji tofauti. Watu 2,000 wamebonyeza stori moja, kache imeona stori 2,000, kila moja inaikosa, kila moja inaenda PHP. Haijalishi ni Nginx, Varnish ama CDN, ondoa fbclid na zile za utm kwenye ufunguo wa kache. Kama unashangaa kwa nini kache ipo na seva bado inakufa, anzia hapo.

Kwa hiyo CDN ama kache yako mwenyewe? Kwa redio na habari mimi nasema zote mbili, ya kwako kwanza, maana ya kwako unaitawala, na CDN ikikosa nakala inakuja kwako, na haiji mara moja, kila kituo chake kinaweza kuja kivyake. Kwa sacco CDN ni ya picha na JavaScript tu, peji zenye salio zisiguswe.

Peji ya nusu kwa nusu

Tiketi sasa. Picha ya mechi, bei, ramani ya viti, maelezo: ya wote. Juu kulia kuna "Karibu, fulani" na kikapu chenye tiketi 2. Kwa sababu ya hayo maneno mawili watu wanakataa kache kwa peji nzima, ni hasara kubwa sana. Muuza rolex (mayai ndani ya chapati) pale Wandegeya, Kampala, chapati amezipika mapema, zimelala pale zimepangana, mayai ndo anakukaangia wewe kwa idadi uliyotaka. Fanya hivyohivyo: peji nzima ihifadhiwe bila jina la mtu, halafu JavaScript kidogo iende kuomba jina na kikapu kutoka anwani ndogo isiyohifadhiwa. Ile anwani ndogo inajibu kwa JSON ya mistari mitatu, haipakii menyu wala plagini, inaweza kubeba watu wengi.

Varnish ina njia nyingine ya kukata peji kwa vipande seva ileile, inaitwa ESI, ni safi kwa wale wasiotaka JavaScript, lakini kipande cha mtu kila mara kinaamsha PHP kabla peji haijakamilika kutoka. Mimi nachagua JavaScript kwa sababu peji inaonekana kwanza, jina linakuja baadaye, hakuna aliyewahi kulia kwa sababu jina lake limechelewa nusu sekunde.

Idadi ya tiketi zilizobaki ihifadhi sekunde 5 kwa kuonyesha, lakini mtu akibonyeza nunua uliza databesi yenyewe, ndani ya transaction, usiamini kache hata siku moja kwa kitu ambacho kinaisha.

Halafu mobile money. Mnunuzi ameweka PIN kwenye simu, peji inauliza kila sekunde 3 "imelipwa?" kwa GET yenye namba ya malipo. Ukiwa umeandika sheria ya kuhifadhi kila kitu, ile GET inahifadhiwa na yeye anaendelea kuona "inasubiri" wakati pesa ilishatoka, kisha analipa mara ya pili, kisha unapigiwa simu mpaka usiku. Anwani zote za malipo, kikapu na kuingia akaunti zipe Cache-Control: no-store (usihifadhi) kutoka kwenye kodi yenyewe, usitegemee sheria ya CDN peke yake.

Kuki, hapa ndo kuna hatari

Kache ya peji ikikosewa haileti tu ucheleweshaji, inampa mtu peji ya mwingine. Krismasi ya 2015 Steam, duka la magemu la Valve, walikuwa wanashambuliwa kwa maombi mengi, ikawekwa setingi mpya ya kache kupunguza mzigo, na setingi ikawa imekosewa. Watu wakaanza kuona peji za akaunti za wengine. Valve wenyewe walisema watu kama 34,000 waliguswa. Sasa fikiria hiyo ni salio la sacco.

Kwenye Nginx ziko amri mbili na lazima uweke zote: fastcgi_cache_bypass inamzuia aliyeingia akaunti asipewe nakala, fastcgi_no_cache inazuia peji yake isihifadhiwe. Ukiweka ya kwanza peke yake, admini anafungua peji, inatengenezwa mpya ikiwa na baa yake nyeusi ya WordPress juu, na inahifadhiwa, na nchi nzima inaiona. Kwa WordPress angalia kuki inayoanza na wordpress_logged_in, kwa WooCommerce woocommerce_items_in_cart.

Upande wa pili wa kuki ni kwamba zinazuia kache bila wewe kujua. Nginx haihifadhi jibu lenye Set-Cookie, Varnish inapita pembeni ombi lolote lenye kuki. Plagini moja ya fomu ya mawasiliano ikiita session_start kwenye kila peji, kache yote imekufa kimyakimya. Ishara yake ni nzuri: angalia heda ya Expires, ukiona Thu, 19 Nov 1981 basi ni PHP sesheni, hiyo tarehe inawekwa na PHP yenyewe. Tafuta hiyo plagini uitoe.

Muda wa kuisha ama kufuta kwa mkono

Kuna wanaotaka nakala ikae siku nzima na ifutwe kila mhariri akibadilisha kitu. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini stori moja inaonekana kwenye ukurasa wake, ukurasa wa mbele, kategoria, tagi, mwandishi, RSS, na kile kisanduku cha "zinazosomwa sana" ambacho kiko kila peji. Utasahau kimoja. Utapigiwa simu na mhariri, "nimerekebisha jina la mheshimiwa lakini kwangu bado linaonekana la zamani", na mheshimiwa mwenyewe yuko kwenye laini nyingine.

Sekunde 10 mpaka 30 bila kufuta chochote, kwa habari, ndo chaguo langu. Peji za kumbukumbu za mwaka jana zipe saa moja. Ukiwa na CDN mbele tumia s-maxage kwa CDN na max-age ndogo kwa brauza, na uongeze stale-while-revalidate (toa ya zamani wakati mpya inatengenezwa) ambayo ipo kwenye RFC 5861 tangu 2010. Brauza usiipe HTML kwa muda mrefu, maana nakala iliyo kwenye simu ya mtu huwezi kuifuta hata ukilia.

Picha na CSS ni kinyume. Hizo zipe mwaka mzima, lakini kila ukibadilisha badilisha na jina la faili. Data hapa si bei rahisi, ile kodi ya OTT (ya mitandao ya kijamii) ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa lakini Julai 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe, kwa hiyo msomaji anayepakua logo yako ya KB 300 kila peji unamlia bando lake. Hii kache ya simu haisaidii seva sana, inasaidia mtu.

Matokeo ya mitihani

Tuseme umepewa kazi ya peji ambapo mzazi anaandika namba ya mtahiniwa anaona alama. Hapa kache ya kawaida haifanyi kazi vizuri, kila mtu anatafuta namba tofauti, mara moja ama mbili, kwa hiyo karibu kila ombi linakosa nakala na wote wanakuja kwa pamoja, dakika ileile redio imetangaza. Lakini data haibadiliki! Kwa hiyo tengeneza zote kabla. Watahiniwa wa PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, kwa mwaka wamefika zaidi ya laki saba, kila mmoja faili la KB 8, hiyo ni kama GB 5.6, inaingia hata kwenye flashi. Skripti inazunguka usiku, asubuhi Nginx inatoa faili tupu, databesi unaweza hata kuizima. Kwa shule moja yenye watoto 300 ni kazi ya dakika. Jina la faili usiweke namba peke yake maana namba zinafuatana na watu watazichokonoa, changanya na kitu ambacho mzazi anakijua, kisha pitisha kwenye hash, inayoigeuza kuwa herufi ambazo mtu hawezi kuzikisia.

Njia hii ya kutengeneza kabla watu wanaidharau kwa sababu haina jina kubwa, lakini ukilinganisha na zote hapo juu ndo pekee ambayo haina wa kwanza anayeumia.

Kupima

Usiamini ukiifungua kwa simu yako. Weka heda ya X-Cache yenye $upstream_cache_status ili uone HIT, MISS, BYPASS, STALE. Rusha maombi mengi kwa tool kama wrk ama k6 kutoka seva nyingine, usirushe kutoka laptop yako ya nyumbani maana utapima Wi-Fi yako. Jaribu na kuki na bila kuki, na fbclid na bila. Halafu zima PHP-FPM kabisa huku wrk inaendelea uone kama peji bado zinatoka, kama hazitoki rudi kwa use_stale.

Na kama websaiti yako ni ya sacco yenye wanachama 400 wanaoingia mwisho wa mwezi, na peji zinatoka kwa milisekunde 300, usiweke kitu. Weka indeksi, ongeza RAM kidogo, acha hivyo.